Skrubu Nne za Jicho la Pili

Ludivina Apodaca aliishia sekondari, lakini katika mji wetu mzima wa Magdalena hapakuwa na mkono ulioaminiwa karibu na kioo kama wake. Baba yake alikuwa fundi wa pampu za upepo kwenye mashamba ya ng'ombe, na mtoto aliyekua akimshikia baba spana juu ya mnara, upepo wa Machi ukimvuta nguo, hana mkono wa kutetemeka. Alipofiwa na mumewe alienda Socorro, mji wa jirani, kukata vioo vya miwani katika duka moja, akakata miaka kumi na mmoja. Huko ndiko Warren Prewitt alikomkuta.

Prewitt alikuwa mhandisi mstaafu wa jeshi la anga, mrefu, mpole, mtu ambaye hata akikasirika hupunguza sauti badala ya kuipandisha. Alikuwa amepeleka miwani yake itengenezwe. Akasimama kaunta akimtazama Ludivina anavyofuta kioo, kisha akamuuliza, "Mama, umewahi kufuta kioo cha ukubwa wa meza?"

"Sijawahi," Ludivina akamjibu bila kuinua uso. "Lakini kioo ni kioo. Kikubwa kinakula muda tu."

Wiki iliyofuata akawa mfanyakazi wa tano wa kampuni ya Prewitt.

Kampuni yenyewe haikuwahi kuzidi watu kumi na wanne. Ilikuwa na majumba manne meupe yenye paa la kuba kwenye uwanda nje ya mji, na ng'ombe wa majirani walikuwa wakijikuna kwenye uzio wake. Ndani ya kila jumba mlikuwa na darubini, na darubini hizo hazikutazama nyota. Zilitazama setilaiti. Huko juu, kilomita elfu thelathini na sita, setilaiti za nchi hii na za nchi nyingine zimepangana kama ndege juu ya waya, na jeshi linataka kujua nani kakaa wapi, nani kasogea, nani anamnyemelea mwenziwe. Prewitt alikuwa akiunda macho ya kazi hiyo, akiwaonyesha wakubwa wa jeshi, akitumaini siku moja watayachukua. Darubini zake aliziita hivyo hivyo, Macho. Jicho la Pili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na lilikuwa la Ludivina. Hakuna aliyelifungua bila yeye.

Mimi ni mama wa ubatizo wa mwanawe, Marcelino, na nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa waya tu. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe jikoni kwangu.

Jumatatu moja ya Oktoba, saa mbili asubuhi, Ludivina alikuwa anapasha moto burito zake, mikate ya kukunja yenye maharage, katika jiko la ofisi aliposikia kiti kikianguka chumba cha pili. Brenna Kessler, msichana mwenye shahada tatu aliyekuwa akisoma picha zilizopigwa usiku, alitoka mbio na kikombe mkononi, kahawa ikimwagikia sweta wala hana habari.

"Bwana Prewitt yuko wapi? Kuna kitu. Kuna kitu nyuma ya setilaiti yetu!"

Wakajazana mbele ya kompyuta yake. Pale katikati palikuwa na nukta nyeupe iliyotulia tuli, setilaiti moja ya mawasiliano ya jeshi. Pembeni yake palikuwa na nukta nyingine, hafifu, ndogo kama punje ya chumvi, ikitambaa polepole kuipita. Halafu ikazimika.

"Ni ya nani?" Prewitt akauliza.

"Haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Nimetafuta mara tatu."

Ludivina aliniambia kuwa alisikia burito zikiungua kule jikoni na hakwenda kuziondoa.

Usiku wa pili kitu kile kikaja tena. Wa tatu, tena. Kilikaa kama dakika kumi tu, na kila mara kiliwahi kidogo kuliko jana yake. Macho mengine matatu hayakukiona, lakini hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa yalikuwa madogo. Siku ya nne Prewitt akapeleka taarifa jeshini. Jeshi likatazama kwa darubini zake lenyewe, halikuona kitu, na badala ya kutulia likazidi kuogopa: basi hiki ni kitu kinachojua kujificha.

Siku ya sita habari zikavuja. Tulikuwa mezani, televisheni ikasema kuna kifaa kisichojulikana kinaiandama setilaiti ya jeshi letu, na mwanasiasa mmoja akagonga meza akasema nchi fulani ijue kuwa uvumilivu una mwisho. Nchi yenyewe ikakana. Hakuna aliyeisadiki. Kesho yake Eusebio, kaka yake Ludivina, mfugaji, akaja na gari lake la matope hadi mlangoni.

"Dada, nieleze ukweli. Ninunue unga wa mwezi au wa mwaka?"

"Nunua wa wiki kama siku zote, uache ujinga."

"Wewe cheka tu. Wakianza kurushiana huko juu, vile vyuma vitamwangukia ng'ombe wa nani? Wa rais? Wataangukia wangu!"

"Ng'ombe wako wamekonda, Eusebio. Chuma kitawakosa."

Alicheka mbele ya kaka yake, lakini alipobaki na mimi aliniambia kwa sauti ya chini, "Ni jicho langu lililoona. Macho ya nchi nzima hayakuona, la kwangu limeona." Niliona fahari usoni pake na hofu papo hapo, na sikujua ipi ilikuwa kubwa.

Siku ya nane jeshi likaisogeza setilaiti yake kando, polepole, kwa siri. Na kile kitu kikasogea nayo. Brenna alipoifungua picha hiyo alikaa chini sakafuni. "Kinatufuata," akasema. Mzee wa miaka hamsini aliyekuwa akiandika programu za kompyuta alitoka nje akapiga simu kwa mkewe, akamwambia amchukue mtoto shuleni.

Siku ya tisa likaja neno kwamba kesho yake Kanali Rhoda Strand, mkuu wa ofisi iliyokuwa ikipokea taarifa zao, angefika mwenyewe kuliona Jicho la Pili. Prewitt akamwambia Ludivina alisafishe ling'are. Mchana akapanda ngazi na vitambaa vyake, akaanza kufuta mdomo wa bomba la darubini, na hapo mkono wake ukapita juu ya skrubu nne.

Alizibadilisha yeye mwenyewe, Agosti. Za zamani zilikuwa zimeota kutu. Mpya zilitoka dukani zikiwa nyeusi tayari, na desturi ya kazi ni kwamba kila kitu ndani ya bomba, hata kikiwa cheusi, lazima kipakwe ile rangi nzito ya masizi isiyorudisha mwanga. Siku hiyo hakupaka. Mke wa Marcelino alikuwa ameshikwa na uchungu hospitali ya Socorro, simu ilikuwa ikiita mfukoni, na Ludivina alijisemea kuwa nyeusi ni nyeusi. Kisha mjukuu akazaliwa na jambo lenyewe likamtoka akilini.

Sasa akasimama juu ya ngazi akizitazama. Zilikuwa nyeusi kweli. Lakini alikumbuka Brenna akimweleza mwaka mmoja nyuma kwamba kamera ya Jicho la Pili huona hata mwanga ambao jicho la binadamu halioni, ng'ambo ya wekundu, kama mbwa anavyosikia filimbi tusiyoisikia sisi. Kwenye gari lake mlikuwa na kamera ya Eusebio ya kutegea mbwa mwitu, zile zinazopiga picha gizani kwa mwanga kama huo huo. Kaka yake alikuwa amempa amshonee mkanda. Akashuka, akaileta, akafunga paa la kuba, akaielekeza ndani ya bomba, akabonyeza.

Bomba lote lilitoka jeusi kama kisima. Skrubu nne zilitoka nyeupe kama meno.

Akajiambia huenda si kitu. Akawasha kamera kubwa, akachukua tochi ndogo, akaisogeza taratibu pembeni ya mdomo wa bomba, mahali ambapo nyota kubwa ingepita bila kuingia kwenye picha. Kwenye kompyuta ikatokea nukta, ndogo kama punje ya chumvi. Ikatambaa. Halafu ikazimika.

"Nilikaa kwenye ngazi," aliniambia. "Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa nikisikia mtu anapumua kwa nguvu, nikageuka kumtafuta, kumbe ni mimi."

Akaenda moja kwa moja kwa Prewitt. Alimkuta amesimama dirishani. Akamweleza yote bila kuficha, Agosti, hospitali, tochi. Aliingia akitarajia kufukuzwa. Prewitt alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza bila kugeuka:

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Rangi ipo?"

"Ipo."

"Basi zipake leo, kabla jua halijazama."

"Sawa. Halafu Kanali akija tumwambie—"

"Hapana, Ludivina. Unazipaka, basi. Kitu kilikuja, kitu kimeondoka. Mambo kama hayo hutokea huko juu."

Alidhani hajasikia vizuri. Sauti ya Prewitt ilikuwa ile ile ya kila siku, sauti ya mtu anayekuomba urudishie mlango. Ndipo akageuka, naye macho yalikuwa mekundu.

"Miaka ishirini nimewaambia hatuoni kitu huko juu. Ishirini! Walikuwa wakininywesha kahawa na kunirudisha nyumbani. Leo wananisikia. Ukisema ni skrubu, mama yangu, hawatamsikia mtu tena, hata siku kitu cha kweli kikija. Umenielewa? Hata kikija cha kweli."

Ludivina akachukua kopo la rangi na brashi, akapanda. Alikuja kwangu saa kumi na moja jioni akiwa na rangi nyeusi kwenye kucha, akakaa, hakuvua koti. Nilimwekea supu ya mahindi, ikapoa mbele yake.

"Nimepaka moja," akasema. "Tatu zimenishinda."

Nikamuuliza, zimekushindaje? Akanieleza. Nami nilishtuka, si kwa skrubu, bali kwa Prewitt, kwa maana huyo ndiye mtu ambaye mji mzima ulimtolea mfano watoto wakisema uongo. Lakini niseme nilichosema, kwa sababu ni kweli: nilimwambia anyamaze.

"Dada, watu kumi na wanne," nikamwambia. "Brenna ana nini hapa zaidi ya kazi hiyo? Na wewe? Kamalizie tatu, kesho kitu hakipo, kila mtu analala."

"Na wale wanaosukumwa wapigane?"

"Watu wakubwa hawapigani kwa sababu ya nukta."

"Wewe umekuwa ukitazama televisheni gani?" akasema, akainuka, akaenda zake. Supu niliimwaga.

Kanali Strand alifika kesho yake saa nne, mwanamke mwenye mvi na hatua fupi za haraka, na maafisa wawili nyuma yake. Prewitt akawatembeza. Mchana wote wakaketi chumba cha mkutano, wakaletewa mikate ya maharage na pilipili ya kuchoma kutoka mgahawa wa mjini. Brenna alikuwa anaeleza picha moja baada ya nyingine. Ludivina, ambaye kwa kawaida hakai kwenye mikutano, aliingia akasimama nyuma ya kiti cha mwisho.

"Samahani, mama," akamwambia Kanali. "Hakuna kitu huko juu. Ni skrubu zangu."

Mmoja wa maafisa akacheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Ludivina akaweka mezani picha ya kamera ya Eusebio, zile nukta nne nyeupe, akaeleza kuanzia hospitali hadi tochi. Alieleza kama mtu anayeungama, akitazama mikono yake.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Brenna. Akaweka viganja mdomoni. "Dakika nne," akasema. "Kila siku kiliwahi dakika nne. Mungu wangu, dakika nne!" Kisha akamgeukia Kanali, machozi yanamtoka. "Nyota ndizo huwahi dakika nne kila siku. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anajua. Ni nyota ile kubwa ya mguu wa Jabari, lile kundi la nyota, ilikuwa inapita pembeni kila usiku, mwanga wake ukigonga skrubu. Agosti ilipita mchana, sasa inapita usiku; na setilaiti ikisogea darubini huifuata, nukta nayo. Niliiona hiyo namba siku tisa. Siku tisa niliiandika kwa mkono wangu!"

"Kwa nini hukuiona?" Kanali akamuuliza, si kwa ukali.

"Kwa sababu nilikuwa naogopa."

Kanali Strand akavua miwani, akaisugua kwa muda, na aliposema alimwambia Ludivina peke yake.

"Unajua tumeisogeza ile setilaiti?"

"Najua."

"Mafuta yake hayajazwi. Hakuna kituo cha mafuta huko. Kuisogeza na kuirudisha tumekula miaka miwili ya uhai wake. Na juzi kuna watu walikaa chumba kimoja, wakapendekeza jambo la kumjibu adui. Jambo gani siwezi kukuambia. Liliahirishwa hadi nirudi na taarifa ya safari hii." Akairudisha miwani usoni. "Hadi nirudi, mama. Ningerudi Alhamisi."

Ludivina aliniambia alishika mgongo wa kiti. Alikuja pale kukiri kosa la fundi. Hakujua lilikuwa limefika huko.

"Umesema skrubu nne," afisa mmoja akadakia. "Nimepanda huko leo asubuhi. Moja imepakwa, rangi mbichi."

"Nimeipaka mimi, jana."

"Nani alikuambia upake?" Kanali akauliza.

Prewitt alikuwa ameketi mkono wa kulia wa Kanali, mkate wake haujaguswa. Ludivina akamtazama. Wote wakamwona akimtazama. Alingoja, akaniambia, muda ambao mtu angeweza kusoma Baba Yetu yote, polepole. Prewitt alikuwa akiitazama sahani yake.

"Mkono ni wangu," Ludivina akasema.

Kanali naye alimtazama Prewitt kwa muda. Kisha akafunga daftari lake, akasimama, akampa Ludivina mkono, akatoka. Wengine hakuwaaga.

Taarifa ikaondolewa kimya kimya. Televisheni haikusema kitu. Siku iliyofuata walikuwa wakizungumzia kimbunga. Jeshi halikuja tena kutazama Macho ya Prewitt, na kufikia Machi kampuni ilikuwa imefungwa. Chuo kimoja kikanunua majumba mawili, likiwamo la Jicho la Pili, kikamchukua na Ludivina humo humo kama mtu anavyonunua ng'ombe na ndama wake. Brenna alikataa kazi tatu kwa aibu kabla hajakubali ya nne, sasa anafundisha, na nasikia mwanafunzi akimletea jibu analolipenda sana humrudishia akalitafute upya.

Eusebio ndiye aliyetuchosha. Dada yake alimweleza yote, akamwonyesha hata picha iliyopigwa na kamera yake mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa hadi mwisho, kisha akasema:

"Nimekuelewa. Wamekuambia useme hivyo."

"Eusebio, ni mimi niliyesema!"

"Ndiyo, ndiyo. Usiogope. Kwangu halitoki."

Nusu ya mji iko upande wake. Mpaka leo kuna watu hapa wanaoamini kitu kile kipo, kimejificha vizuri zaidi, na kwamba Ludivina Apodaca alitishwa akafunga mdomo.

Prewitt alikuja Jumapili moja ya Aprili, kabla hajahamia Oregon kwa binti yake. Nilikuwa naanika nguo, nikawaona na kuwasikia. Hakuingia uani, alisimama nje ya lango, kofia mkononi, amekonda.

"Ningesema," akamwambia. "Siku ile. Nilikuwa karibu kusema."

"Lakini hukusema."

"Sikusema."

"Nilikungoja, Warren."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita jina lake. Prewitt akaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia, akaenda kwenye gari. Ludivina alibaki langoni hadi vumbi likatulia barabarani.

Nilimuuliza baadaye kama ana hasira naye. Tulikuwa tunachambua maharage.

"Hasira ziliisha zamani," akasema. "Wala hoja yake haikuwa ya kipumbavu; usiku mwingine naiwaza, naona huenda ana haki, siku kitu cha kweli kikija hawatasikia. Ila ile sauti. Aliponiambia nipake. Ungekuwepo ukaisikia ilivyokuwa ya kawaida." Akatikisa kichwa, akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa dirishani. "Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka tisa, na mpaka dakika ile nilidhani mtu akifika hapo pa kumwomba mwenziwe uongo lazima sauti yake ibadilike."